Kuichora Sauti: Mchanga, Kompyuta na Ukili

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni la rangi. Mtu akisikia kwamba ninachora muziki, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni zumari lina rangi gani, au kama besi ni ya buluu au nyekundu. Namjibu kwamba rangi ndiyo sehemu yenye ukweli mdogo kuliko zote katika kazi hii, na nikimtajia rangi nitakuwa nabuni tu. Hapo uso humshuka kidogo. Alikuja akitarajia siri.

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Dar es Salaam. Riziki yangu iko kwenye kuta za saluni, vibao vya maduka ya dawa na migongo ya bajaji. Ninakaa Tandale, mtaa ambao pamoja na Manzese na Mburahati ndiko singeli, muziki wetu wa kasi, ilikokulia, kwa hiyo sauti sijawahi kuikosa: kigodoro, sherehe ya mtaani ya kukesha, kikianza Ijumaa, usingizi utaupata Jumapili. Kwa miaka kadhaa sasa, kazi za mchana zikiisha, nimekuwa nikijaribu kuitoa sauti hewani na kuileta ubaoni. Nimejaribu kwa mchanga, kwa puto, kwa kompyuta, kwa kalamu, na hatimaye kwa mikono ya shangazi yangu. Nilichokiona kote huko ni kwamba hakuna njia inayoichora sauti nzima. Kila njia huchukua kitu kimoja ndani ya sauti na kuvitupa vingine, na usipojua kinachotupwa utaishia kujisifia picha ya kitu kingine kabisa.

Tuimalize kwanza hiyo rangi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwanga cha mwaka 1704, aliugawa upinde wa mvua katika rangi saba na kuzilinganisha na ngazi ya noti saba za muziki. Karne mbili baadaye mtunzi wa Kirusi Alexander Scriabin aliandika kazi ya okestra yenye mstari mzima wa noti kwa ajili ya kinanda cha taa, na mwaka 1915 huko New York ikapigwa huku taa za rangi zikibadilika. Ila Scriabin na Mrusi mwenzake Nikolai Rimsky-Korsakov, ambao wote walisema wanaona rangi wakisikia muziki, hawakupatana hata kwenye ufunguo wa C meja: kwa mmoja nyekundu, kwa mwingine nyeupe. Kama mabingwa wale hawakuelewana, mimi na penseli zangu ni nani?

Hata hivyo nilijaribu. Niliwapigia majirani wimbo mmoja wa taarab, nikawagawia penseli za rangi za watoto wa shule, nikawaambia wachore wanachosikia. Kila mtu alitoka na rangi zake. Mmoja alijaza karatasi nzima kijani na njano, nikajua hapo inayosema ni timu ya Yanga, si wimbo. Lakini nilipoziweka karatasi zote sakafuni niliona jambo ambalo sikuliuliza. Fidla, kwa karibu kila mtu, ilikuwa mistari myembamba iliyokaa juu. Besi ilikuwa madoa manene yaliyokaa chini. Dumbaki, ile ngoma ndogo, ilikuwa na ncha. Hawakuwa wameketi pamoja wala kuibiana.

Baadaye nikasoma kwamba jambo hili lina historia yake. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza mwaka 1929 jaribio la maumbo mawili, moja la mapindo laini na jingine la pembe kali, na maneno mawili ya kubuni, moja likiwa "takete". Watu wengi huipa takete lile umbo la pembe kali. Mwaka 1961 mtafiti aitwaye Davis alichapisha jaribio la aina hiyo alilolifanya na watoto wa kando ya Ziwa Tanganyika, akayalinganisha majibu yao na ya watoto wa Kiingereza, na pande zote mbili zikaelekea kulekule. Kwa hiyo rangi kila mtu ana yake, ila wembamba na unene, juu na chini, ukali na ulaini, hivyo tunavigawana. Tangu siku ile nikiulizwa rangi ninatumia nyeusi. Nina makopo mengi ya nyeusi.

Mchanga ndio uliochukua muda wangu mwingi, na bado ndio unaowapendeza wageni. Mwenye njia hii ni Ernst Chladni, Mjerumani aliyesomea sheria kwa matakwa ya baba yake kisha akaiacha akafuata sauti. Mwaka 1787 alichapisha kitabu chenye michoro ya maumbo aliyoyapata kwa kunyunyiza mchanga juu ya sahani nyembamba na kuusugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwaka 1680, Robert Hooke wa Uingereza alikuwa ameona unga ukijipanga juu ya kioo kinachosuguliwa vilevile. Chladni akaigeuza kuwa kazi ya kuzunguka nayo Ulaya akiwaonyesha watu, hadi Napoleon akaonyeshwa. Ikatangazwa zawadi Paris kwa atakayeyaeleza maumbo yale kwa hesabu, na aliyeipata mwaka 1816 alikuwa mwanamke, Sophie Germain.

Mimi sina upinde wa fidla. Nilichukua spika ya besi kutoka kwenye sabufa iliyokufa, nikaibandika skrubu katikati ya koni yake kwa gundi ya epoksi, nikatoboa kipande cha alumini cha mraba katikati na kukifunga kwenye skrubu hiyo kwa nati mbili. Spika inaingia kwenye amplifaya, amplifaya inaingia kwenye simu, na simu ina programu ya bure inayotoa mlio wa masafa yoyote (idadi ya mitetemo kwa sekunde) utakayoandika. Vyote kwa pamoja havikufikia bei ya kopo kubwa la rangi ya mafuta. Mchanga wa baharini upo wa bure, lakini usiutumie ulivyo: chumvi iliyomo huvuta unyevu, na punje zikianza kushikamana hazitembei tena. Uoshe kwa maji ya bomba mara kadhaa, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha uupitishe kwenye chujio la chai.

Halafu unapandisha masafa polepole. Kwa muda mrefu hakuna cha kuona. Punje zinarukaruka papo hapo, nyingine zinadondoka ukingoni. Ghafla, kwenye mlio fulani, bati linapaza sauti kuliko kabla, na mchanga unakimbia. Unaona kabisa unakimbia, kutoka kila upande, ukijipanga kwenye mistari. Sehemu za bati zinazotetemeka huurusha, sehemu zilizotulia huupokea, na kwa sekunde mbili tatu umeshapata nyota yenye ncha nne au pete ndani ya mraba. Ongeza masafa kidogo na umbo linavunjika, mchanga unarudi kuruka ovyo. Endelea kupanda, utafika kwenye umbo jingine, na kadiri mlio unavyokuwa mwembamba ndivyo umbo linavyokuwa na vyumba vingi na vidogo. Watoto wa mtaani kwetu wakishaona hili hawaondoki.

Kisha akaja rafiki yangu mmoja, fundi wa studio, akasema: sawa, hizo ni filimbi, weka muziki. Nikaweka singeli. Mchanga wote uliruka na kumwagika sakafuni, na bati likabaki tupu. Nikaweka taarab, sauti chini: mchanga ukatambaatambaa, ukaanza mstari hapa, ukaufuta, ukaanza mwingine.

Sababu yake ukiielewa inakukata kiu ya mapambo. Bati lina milio yake michache ambayo hutetemeka kwa nguvu, na milio hiyo inatokana na umbo lake, ukubwa wake na unene wake. Likate kila ubavu uwe nusu na milio hiyo hupanda mara nne. Likiwa nene mara mbili hupanda mara mbili. Muziki hauhusiki. Kupigia bati wimbo ni kama kumhoji mtu anayejibu maswali anayoyapenda tu: atanyamaza, atanyamaza, kisha litapita neno lake na ataongea kwa furaha. Ile nyota ya ncha nne haikuwa picha ya sauti. Ilikuwa picha ya bati. Mitandaoni utaona watu wakiuza maumbo haya kama "sura halisi ya noti fulani", wengine wakidai yanaponya maradhi. Waulize bati lao lilikuwa na unene gani.

Hii haina maana kwamba niliacha mchanga. Nilichoacha ni kusema kwamba ninachora wimbo. Sasa nikichora kwa mchanga ninachagua bati kwanza, maana bati ndilo mwenye picha, na mlio ni kalamu tu. Nimekata mabati ya pembetatu, ya yai, moja lina umbo la Kisiwa cha Mafia kwa kukadiria. Na kuna starehe moja ndogo ambayo sijaichoka: badala ya mchanga, tia unga laini sana. Wenyewe hukataa kufuata mchanga. Mchanga unakwenda penye utulivu, unga laini unakusanyika penye mtetemo mkubwa kuliko pote, na unakaa hapo ukichemka kwenye vilima vidogo. Michael Faraday alieleza sababu yake mwaka 1831: bati linapotetemeka huzungusha hewa iliyo juu yake, na mkondo huo wa hewa una nguvu ya kubeba vumbi lakini hauna nguvu ya kubeba punje ya mchanga. Nikichanganya mchanga mweusi na unga mweupe kwenye bati moja, napata picha mbili kwa pamoja, kila moja ikijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake.

Neno moja kwa atakayetaka kuihifadhi picha hiyo. Usibandike karatasi juu ya bati kabla ya kupiga mlio; uzito wake unabadili milio yote na mtetemo unapoa. Mimi naacha umbo litulie, nazima spika, napuliza rangi ya kopo moja kwa moja kwenye bati. Rangi ya kupuliza ina upepo, ukiielekeza karibu unafagia kila kitu. Ipulize juu ya bati, mbali, ukiielekeza hewani upande wa pembeni, uache ukungu wake ushuke wenyewe. Rangi ikianza kushika, unakung'uta mchanga, na mistari inabaki kwa rangi ya bati. Kisha bati lile unalitundika, unakata jingine.

Kuna mwanamke mmoja ambaye ninamwazia sana katika kazi hii, Margaret Watts Hughes, mwimbaji wa Wales aliyeishi London na kulea watoto wa kiume wasio na makao. Mwaka 1885, akitafuta namna ya kupima nguvu za sauti yake mwenyewe, alitengeneza chombo alichokiita eidofoni: mdomo wa kuimbia, bomba, na juu yake utando wa mpira uliowambwa. Alinyunyizia utando huo punje na unga, akaimba, maumbo yakatokea. Baadaye akatumia rangi ya majimaji na kioo, akapata michoro inayofanana na maua na majani ya bahari.

Cha kwangu ni kona ya bomba la PVC la inchi nne, puto lililokatwa shingo na kuvutwa mdomoni mwa bomba, na chumvi laini. Unaimba upande mmoja, unaangalia upande mwingine. Hapa nako utando una milio yake, siyo kwamba umepona ugonjwa wa bati. Lakini kuna tofauti moja kubwa: anayeimba anaona, na akiona anabadilika. Dada mmoja wa kwaya aliyekuja nyumbani alianza na noti moja iliyonyooka, akaona duara likitikisika upande mmoja, akaikaza pumzi mpaka duara likatulia. Alikaa na lile bomba muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Akapata umbo la vidole sita, likampotea, akalitafuta tena kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo kidogo, macho hayabanduki kwenye chumvi. Alipomaliza alikuwa amechoka, na hakutaka kuchukua picha yoyote. Alitaka bomba. Nikamtengenezea lake. Kama kuna chombo kimoja katika vyote hivi ambacho ningempa mwalimu wa muziki, ni hiki, na kwa ajili ya sikio kuliko jicho.

Kompyuta nilidhani itamaliza ubishi wote. Kuna programu ya bure iitwayo Audacity, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Unaifungulia wimbo, unabadili mwonekano, na badala ya lile wimbi la kawaida unapata spektrogramu: muda unakwenda kushoto kwenda kulia, masafa yanapanda chini kwenda juu, na mng'ao unaonyesha nguvu. Hapo muziki kweli unaonekana. Sauti ya mwimbaji ni rundo la mistari inayokwenda pamoja, mmoja juu ya mwingine. Pale anapoipinda sauti mwishoni mwa ubeti, mistari yote inapinda kwa pamoja. Ngoma ni nguzo iliyosimama. Herufi "s" ni wingu huko juu.

Niliweka moja ya nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Chini, sauti yake ina mistari safi yenye mawimbi madogo madogo pale anapoirembesha. Juu yake imetandazwa chengachenga ya sahani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukoma, na kuna alama nyembamba zilizosimama, kila moja mkwaruzo. Ukitazama kwa makini utaona mikwaruzo mingine inarudi kwa nafasi sawa, kila sahani ilipomaliza mzunguko. Nilichapisha kipande hicho kikubwa, nikakitundika. Watu wanauliza ni ramani ya wapi.

Shida ilikuja kwa singeli. Ili programu ijue masafa, lazima ikate sauti vipande vipande na kupima kila kipande, na urefu wa kipande unauchagua wewe. Sauti ya kawaida ya kompyuta ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Ukichagua kipande cha sampuli 4,096, ni kama milisekunde 93, na unaweza kutofautisha masafa yaliyopishana kwa takriban Hz 11 tu (Hz moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Ukichagua 512, ni milisekunde 12 hivi, lakini masafa yanapishana kwa Hz 86 na noti za chini zinagandana. Hauwezi kupata vyote viwili. Ukibana muda masafa yanatawanyika, ukibana masafa muda unatawanyika. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240, ukiligawa pigo moja mara nne, kila sehemu ni milisekunde 62 na ushei, yaani fupi kuliko kile kipande cha 4,096. Picha ikatoka tope. Nikaweka 512, ngoma zikasimama wima kila moja peke yake, safi kabisa, na kinanda kikawa mkanda mmoja wa moshi. Kwa taarab nafanya kinyume: vipande virefu, ili nione kanuni, ile ala ya nyuzi, inapopita katikati ya noti mbili za piano. Mtu asikwambie mashine haichagui. Imechagua, ila aliyeichagulia ni mtu mwingine kabla hujaifungua.

Nilikuwa na mchapo mmoja wa singeli, mrefu wa mita mbili, ambao nilijivunia sana. Jirani yangu ni fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Huwa tunaandikiana kwenye simu. Akaja, akautazama kuanzia mwanzo hadi mwisho kama anavyokagua kitambaa, akarudi katikati, akaandika: "Hapa watu wanacheza wapi?"

Nikaanza kumweleza masafa. Akanikatisha kwa mkono. Akaandika kwamba kwenye vigodoro huwa anaegemea ukuta karibu na spika, anaijua besi kwa mgongo, na anajua watu watainama lini kabla hawajainama. Anachotaka kuonyeshwa ni hicho. Katika mita mbili zile kila mlio ulikuwepo, na hicho hakikuwepo.

Ndipo nikaweka kompyuta pembeni nikachukua bikari. Nilikuwa na rekodi ya chakacha ya arusi moja ya jamaa zetu, na chakacha nimeikuta rahisi kuliko singeli kwa sababu haina haraka. Mwendo wake ni sita kwa nane, yaani mapigo madogo sita kwa kila mzunguko. Nilichora duara, nikaligawa kwa nukta kumi na mbili, mizunguko miwili ya sita. Ngoma nzito nikaisikia ikipiga kila baada ya nukta tatu. Nikaziunganisha kwa mstari, ukatoka mraba. Makofi yalikuwa kila baada ya nukta mbili, yakatoa pembesita. Maumbo hayo mawili kwenye duara moja yanagusana mahali pawili tu, juu kabisa na chini kabisa, na kwingineko kote yanakwepana. Fundi aliweka kidole juu, akaweka kingine chini, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kisha akatikisa kiuno pale pale kwenye kiti.

Kuanzia hapo tukacheza na hilo duara kwa siku kadhaa. Ukiizungusha pembesita hatua moja, bado inakutana na mraba mahali pawili, lakini si pale pa kwanza. Ngoma ni zilezile, mapigo ni yaleyale kwa hesabu, ila kiuno kimehama. Tukaongeza ngoma ya tatu, ile inayopiga maneno, ambayo haina umbo la kuaminika. Yenyewe inatoa pembe zisizo sawa, na mara nyingi inaruka zile nukta mbili za makutano, inawaachia wengine. Duara limetupa sauti ya mwimbaji, limetupa noti, limetupa ladha yote ya ngozi na mti. Hata muda wenyewe limeunyoosha, maana mpigaji halisi hapigi juu ya nukta, hupiga kabla yake kidogo au baada. Lakini swali la fundi lilijibiwa.

Nilikwenda nalo Mafia. Shangazi yangu anasuka mikeka huko Kilindoni, na nilipovuka kutoka Nyamisati nilikuwa na karatasi zangu kwenye mrija ili zisilowe. Nilimwamkia, akaitika marahaba mwanangu, tukala kwanza. Alipotandaziwa michoro aliishika miwani kwa mkono.

"Sasa hii unataka nikufanyie nini?"

"Nataka mkeka wenye ngoma hii, shangazi."

"Duara halisukiki, mwanangu. Ukili unakwenda mbele."

Akanionyesha, kwa kuwa aliona sielewi. Chane za ukindu katika ukili, ule ukanda unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, haziendi wima wala mlalo. Kila uchane unakatiza ukili kwa mshazari, ukifika ukingoni unakunjwa na kurudi upande wa pili, ukifika huko unakunjwa tena. Ukitia uchane mmoja uliochovywa rangi nyeusi kati ya nyeupe, utauona ukienda ukirudi, ukigusa ukingo kila baada ya hatua zilezile. Kumbe pigo lilikuwamo siku zote. Nilimwambia basi tutie chane mbili, mmoja uende upesi na mwingine polepole. Akacheka. Katika ukili mmoja chane zote zinatembea pamoja. Hakuna wa kuwahi. Mraba na pembesita zangu hazingekaa ndani ya ukili mmoja hata kwa rushwa.

Aliyepata jibu ni yeye, siku ya pili yake, akiwa anasuka kitu kingine. Ukili mwembamba unarudi mapema, ukili mpana unachelewa. Tusuke mmoja wa vidole viwili na mwingine wa vidole vitatu, tuushone ubavu kwa ubavu. Nikapiga hesabu kwenye karatasi nikaona amemaliza kazi: uchane mweusi wa ukili mwembamba utagusa mshono mara tatu wakati ule wa ukili mpana unagusa mara mbili, na baada ya hapo watakutana mahali pamoja na kuanza upya. Tatu kwa mbili, chakacha yenyewe. Nilipompigia rekodi kwenye simu huku akinyoosha kidole kwenye mshono, alikuwa mbele yangu. Alifika kwenye makutano kabla ya ngoma.

Alisuka kipande cha urefu wa mkono ili tuone. Alilalamika muda wote. Mkeka hushonwa kwa ukili wa upana mmoja, na mtu akiona mwembamba na mnene vimechanganywa atasema mshonaji amepungukiwa. Jirani yake alipopita akauliza kwa upole kama kipimo kimeteleza. Shangazi akamjibu bila kuinua macho kwamba ni agizo la mtu wa mjini, na watu wa mjini mikeka wanaitundika ukutani, hawailalii.

Mkeka mzima haujaanza. Amesema nikirudi nije na paketi mbili za rangi nyeusi ya kuchovya, ile ya kwanza ilitoka ya kahawia, na nije na pesa ya kile kipande cha majaribio kando, maana yeye anakihesabu.